Andiko la Majiko Kumi na Manne

Novemba 4, Kambarage, Shinyanga

Mvua ya kwanza ya msimu imenyesha saa nane mchana, dakika kumi na moja, ikakatika. Wakati inanyesha nilikuwa nasoma andiko langu la kuomba fedha za utafiti, lililorudi leo kutoka kwa msimamizi wangu, Dk. Raphael. Kurasa sita. Wino mwekundu unaanzia mstari wa kwanza.

Mstari huo niliuandika hivi: "Wanawake wa mwalo wa Ihangalo wanavuta mvuke wa zebaki ndani ya majiko yao." Yeye kaandika pembeni: "Umeshajibu. Sasa unaomba fedha za nini?"

Nikampigia simu.

"Shikamoo, Mama Davis."

"Marahaba, Dokta." Ana miaka thelathini na minane, mimi arobaini na saba. Huniamkia kwanza, kisha hunichapa.

"Mwandishi wa habari anaanza na jibu," alisema. "Huku tunaanza na swali."

"Jibu la swali hilo ninalo mwaka wa tisa huu."

"Unalo kwa kuambiwa. Mfuko wa utafiti unalitaka kwa kipimo."

Niweke kumbukumbu sawa. Nimekuwa mwandishi wa habari miaka ishirini na moja, redioni na gazetini. Habari ya zebaki nimeiandika mara tatu. Mchanga wenye dhahabu unaoshwa kwenye mwalo, unachanganywa na zebaki, zebaki inashika punje za dhahabu na kuwa donge. Donge linachomwa. Zebaki inaondoka kama moshi, dhahabu inabaki. Wanawake wanachomea jikoni, palepale wanapopika ugali. Mara zote tatu nilijibiwa neno moja: hakuna takwimu. Ndiyo maana nikachukua likizo bila malipo nikaingia shahada ya uzamili. Nazifuata takwimu.

Mfuko unafunga maombi Januari 31 na kujibu kabla Machi haijaisha. Nikikosa fedha, chuo kitanipa mada ya kufanyia maktabani: mchango wa redio katika kilimo cha pamba. Sina ugomvi na pamba.

Novemba 7

Nimeandika ukurasa wa kwanza upya mara nne. Hakuna mvua.

Novemba 12

Dorah, mwenzangu wa darasa, alipata fedha za Mfuko mwaka jana kwa andiko la magonjwa ya mihogo. Kanipa nakala nisome. Nimeisoma kama ninavyosoma taarifa ya polisi, nikitafuta kilichoachwa. Neno "pengo" limo mara kumi na saba.

"Mama Davis, lazima uoneshe pengo," aliniambia. "Kitu ambacho hakuna aliyewahi kukijua."

"Wanawake wa Ihangalo wanakijua."

"Hao hawahesabiki kwenye mapitio ya machapisho."

Alisema bila ubaya wowote. Nimeinakili sentensi hiyo hapa ili nisiisahau.

Novemba 22, Ihangalo

Basi hadi Ushirombo, kisha pikipiki saa moja na nusu. Kiambatisho namba tatu cha maombi kinataka barua ya idhini ya mwenye eneo la utafiti. Leseni ya mwalo wa Ihangalo ni ya Marselino, mtu wa makamo, mpole, anayevaa shati lililopigwa pasi katikati ya vumbi. Ofisi yake ni kontena lililokatwa dirisha. Alinipa soda; sikuifungua.

"Mama Davis wa redioni! Sauti hii naijua tangu nikiwa nyani wa duarani." Nyani ni jina wanalojiita wachimbaji wa shimoni, wala si tusi.

Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho.

"Barua nitakupa," alisema. "Majibu tu niyaone mimi kwanza."

"Kuyaona, au kuyazuia?"

"Kuyaona. Na likiwemo la kuharibu jina la mwalo, hilo tunaliacha."

"Hilo linaitwa kuzuia."

Alicheka. "Wewe hata usomeshwe, uandishi hautoki. Nenda ukafikirie. Karatasi ninayo, muhuri ninao."

Novemba 23, Ihangalo

Leo nimefanya kosa. Nitaliandika lote.

Vumilia ana miaka thelathini na mitatu na watoto watatu. Mumewe yuko machimbo ya Chunya tangu Juni. Yeye hununua marudio kwa Marselino, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa mara moja, anauosha tena na kupata kilichobaki. Nilimfahamu miaka minne iliyopita kwenye habari yangu ya tatu, ambamo sikumtaja jina. Mkono wake wa kulia hutetemeka akishika kikombe. Sijui kama ni zebaki. Hilo ndilo ninalotaka kupima.

Aliniruhusu kuingia jikoni. Akafunga mlango, akaziba nafasi ya chini kwa gunia. Akaweka donge kwenye kijiko cha chuma juu ya mkaa. Dakika tisa kwa saa yangu. Sikuona moshi wa maana, ila mdomoni nilipata ladha ya sarafu.

"Mbona unafunga mlango?"

"Nisipofunga watakuja watu wa macho."

Mwaloni kuna desturi: aliyekuwepo dhahabu ikichomwa hupewa chembe. Inaitwa ya macho. Haombwi mtu, haombi mtu, hupewa tu. Kwa hiyo mwanamke mwenye donge dogo haendi kuchomea uwanjani penye upepo, maana macho sita yatalimaliza. Anajifungia. Miaka yote tisa nimeandika kwamba wanachomea ndani kwa kutojua madhara. Niliandika uongo nikiwa na nia njema.

Dhahabu ilipopoa alikata chembe kwa wembe, akaiweka kwenye kipande cha karatasi ya daftari, akaninyooshea.

"Ya macho hiyo, mayu," alisema, yaani mama.

"Hapana, asante. Mimi sichukui."

"Chukua."

"Vumilia, miaka ishirini na moja sijapokea kitu kwa mtu ninayemwandika. Wala bahasha, wala soda ya kufungasha."

Alikunja karatasi polepole.

"Kwa hiyo unaniandika."

"Nilikwambia ni utafiti."

"Uliniambia unakuja kutazama. Toka jikoni kwangu."

Nikatoka. Nje alikuwa jirani yake, Justina, mwanamke wa miaka sitini hivi, anachambua choroko. Alikuwa amesikia yote na hakujifanya hakusikia.

"Aliyekula ya macho hasemi alichokiona," alisema. "Wewe umekataa kula. Maana yake utasema."

"Ni kweli nitasema."

"Basi kakufukuza kwa haki."

Nilijivunia kukataa bahasha hata mbele ya watu walioniwekea bastola mezani. Haikunijia kwamba kuna mahali kukataa ndiko kunakotisha.

Novemba 24

Mvua kutwa. Basi la kurudi limeshindwa kuvuka mto. Nimelala Ushirombo.

Desemba 2, Shinyanga

Dk. Raphael anataka nisaini sharti la Marselino.

"Sharti dogo hilo, Mama Davis. Kila mtu anasaini. Ukishapata takwimu utajua pa kuziweka."

"Nikisaini nitakuwa nimesema uongo kabla ya kupima chochote."

"Bila kiambatisho namba tatu, andiko halisomwi. Linatupwa na karani."

"Litupwe."

"Halafu uandike pamba?"

Alinishika hapo. Niliondoka bila kuaga vizuri. Nadhani ni mtu mwoga. Nimeliandika neno hilo na kulisoma mara mbili, na leo nimeliacha.

Desemba 9

Pamba imeota kwa majirani. Andiko halijaota.

Desemba 18, Ihangalo

Nimerudi bila karatasi wala kalamu mkononi. Vumilia, Justina na wanawake wengine walikuwa shambani kwa Justina, wanapalilia mahindi. Niliwaamkia, wakaitikia, wakaendelea. Nikachukua jembe lililolala pembeni. Nililima mistari mitatu. Hakuna aliyenishukuru, na mstari wa tatu Justina aliurudia.

Mapumziko yalikuwa saa tano, kwa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na maji. Nikasema niliyokuja kusema: kwamba nilimkosea Vumilia, kwamba hata hivyo ya macho siwezi kuila, kwa sababu nikila nitanyamaza, na kunyamaza hakutamsaidia mtu mwenye mkono unaotetemeka.

"Mkono wangu umekutuma?" Vumilia aliuliza.

"Haujanituma."

"Basi uache mkono wangu. Sema shida yako wewe."

"Shida yangu ni takwimu. Kuna beji ndogo, inanasa mvuke. Inatundikwa jikoni, baada ya wiki inapelekwa maabara inasomwa."

"Inatundikwa na nani?"

"Mtafiti."

"Ana digrii?"

"Anayo."

"Kutundika kunataka digrii, au kunataka msumari?"

Walicheka wote. Nikasema kunataka msumari.

"Niachie msumari," alisema Vumilia. "Mimi nitatundika, mimi nitaandika saa ya kuchoma. Darasa la saba nimemaliza, saa naijua. Wewe huingii jikoni, mimi sikupi ya macho, hakuna aliyekula wala aliyekataa."

Nimekaa na sentensi hiyo kutwa. Nimesoma vitabu vinne vya mbinu za utafiti tangu Septemba, na hakuna kilichonipa njia hii.

Justina akaleta sharti: majibu yaje kwao kwanza, kwa Kiswahili, kabla ya chuo na kabla ya Marselino. Nikasema hapa ndipo ninapoteleza, kwa sababu Marselino naye anataka kuona kwanza na nimemkatalia.

"Yeye anavuta?" Justina aliuliza.

"Hapana."

"Sisi tunaona kilicho chetu. Yeye anaona cha nani?"

"Na mna haki ya kuzuia?"

"Mtu akitaka namba ya jiko lake itolewe, itolewe. Ya jiko lake tu. Ya jirani haimhusu."

Hilo naweza kulitetea mbele ya mhariri yeyote. Majiko yaliyokubali ni kumi na manne.

Januari 5, Kambarage

Naandika upya kutoka mwanzo. Swali sasa ni hili: mvuke kiasi gani hubaki katika jiko lililofungwa, na mpishi hukaa nao saa ngapi? Silijui jibu. Ni mara ya kwanza kuandika jambo nisilolijua, na linaandikika kwa urahisi kuliko nilivyodhani.

Mahali pa "pengo" nimeandika kwamba tafiti zilizopita zilipima uwanja wa mwalo kwa sababu ndiko mtafiti alikoruhusiwa kusimama. Sikulitumia neno lenyewe hata mara moja.

Januari 14

Dk. Raphael kasoma mbele yangu. Dakika arobaini.

"Wasomaji wa Mfuko watacheka," alisema. "Takwimu zinazokusanywa na darasa la saba?"

"Dokta, kwenye chama cha msingi cha ushirika nani anasoma mizani ya pamba?"

"Sijui."

"Nilifanya habari zake miaka sita. Darasa la saba. Na pamba hiyo nchi inaiuza nje kwa uzito uleule."

Alivua miwani. "Liandike hilo."

Kisha akanifundisha kitu ambacho sikukijua. Katika kila beji kumi, moja isifunguliwe. Itundikwe na nyingine, imezibwa kwa ndani isionekane, ipelekwe maabara bila kusema ni ipi. Ikisomeka ina zebaki, kuna kosa mahali. Alichora kwa mkono kwenye bahasha ya zamani, kwa subira, kama mtu anayefundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Neno nililomwandika Desemba 2 halimtoshi. Haogopi mtu. Anaogopa kosa.

Januari 17, Ihangalo

Nimewaeleza beji iliyozibwa.

"Na sisi tusijue ni ipi?" aliuliza Vumilia.

"Msijue."

"Unapima moshi, au unatupima sisi?"

"Vyote viwili. Dokta anasema mtu akijua anakaguliwa, anaandika vizuri kuliko kawaida."

Walizungumza Kisukuma kwa kasi, nami nikafuata nusu. Kwetu Kisukuma kilikuwa cha bibi.

"Sawa," Vumilia alisema. "Na sisi tutampelekea ya kwetu. Tutaitundika kwenye uzio wa ng'ombe wa Justina, mbali na moto, tuiandike jiko la kumi na tano. Maabara ikikuta zebaki kwenye ng'ombe, nayo tutaihoji."

Nilimpigia Dk. Raphael kutoka hapohapo.

"Waambie ndiyo," alisema. "Na iingie kwenye andiko, kwa jina la aliyeitoa."

Januari 29

Kurasa kumi, maneno elfu tatu na mia nane. Majina kumi na manne yameandikwa chini ya kichwa "watafiti wenza", wote kwa ridhaa yao. Bajeti imekubali kujumlika mara ya tano. Kiambatisho namba tatu nimeweka barua ya serikali ya kijiji na karatasi yenye saini kumi na nne. Barua ya mwenye leseni haimo.

"Karani ataitupa," nilimkumbusha Dk. Raphael.

"Kijiji nacho kina muhuri," alisema, akasaini.

Januari 30

Nimetuma saa tatu asubuhi. Mvua hamna. Mahindi ya Kambarage yamejikunja.

Februari 8

Kimya.

Februari 15

Kimya. Jua kali.

Februari 26

Baruapepe ya Mfuko: andiko limepita mchujo wa kwanza. Tunaitwa kwenye usaili kwa video, Machi 6. Karani hakulitupa. Mvua imerudi jioni, nzito.

Machi 6, Kahama

Nimekodi chumba chenye intaneti ya uhakika mtaa wa Nyasubi, juu ya duka la vipuri. Vumilia alikuja kutoka Ihangalo na kitenge kipya na daftari alilofanyia mazoezi wiki tatu: tarehe, saa ya kuwasha, saa ya kuzima. Dk. Raphael alikuja kutoka chuoni bila kuitwa, akakaa nje ya kamera.

Wasaili watatu. Mwenyekiti ni Bi Hosiana, mratibu wa Mfuko, sauti ya mtu aliyezoea kukatiza. Maswali tisa nilijibu. La kumi aliuliza hivi:

"Nani atatuhakikishia kwamba takwimu za kina mama hawa zitakuwa za kweli?"

Nilifungua mdomo. Vumilia akavuta kompyuta upande wake.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye jiko la kwanza. Ninyi mtatuletea beji iliyozibwa tusiyoijua. Sisi tutawaletea ya kwenye ng'ombe msiyoijua. Tukidanganya mtatukamata. Mkidanganya tutawakamata."

"Marahaba," Bi Hosiana alisema. "Na mkitaka kudanganya kwa pamoja?"

"Kumi na wanne? Sisi hata bei ya nyanya hatujawahi kukubaliana."

Msaili wa kushoto aliinamisha kichwa akaandika kitu. Hakuna aliyesema tumefanya vizuri. Muda ulikwisha, picha ikazimika.

"Yule mama ni mkali," Vumilia alisema kwenye ngazi.

"Wewe ulikuwa mkali zaidi."

"Mimi nilikuwa naogopa. Nikiogopa huwa hivyo."

Machi 17, Kambarage

Jibu limekuja saa sita. Nanakili: "Andiko limekubaliwa, kwa sharti kwamba mwombaji awasilishe barua ya idhini ya mwenye leseni ya uchimbaji ndani ya siku kumi. Bila barua hiyo, ufadhili utafutwa."

Nimelisoma wima, nikaenda kuteka maji, nikarudi kulisoma nimekaa. Halijabadilika.

Dk. Raphael alipiga. Hakunishauri kitu. Aliuliza tu, "Unaanzia wapi?"

Machi 18, Ihangalo

Mkutano ulikuwa ukumbini kwa Justina, mvua ikipiga bati hadi ikabidi tupige kelele. Niliwasomea sharti. Nikawaambia ukweli wote: Marselino atatoa barua kesho tukikubali azuie atakachotaka, na fedha zitakuja. Tukikataa, kuna uwezekano mkubwa zisije, nami nitaondolewa kwenye mada hii.

"Na marudio?" aliuliza mmoja. "Akikasirika asituuzie?"

"Hilo nalo linawezekana."

Hapo nilifikiri yamekwisha, na nisingemlaumu hata mmoja. Watoto wao hawali takwimu.

Vumilia alisimama.

"Andika niseme," aliniambia. Nikachukua kalamu. "Jiko langu halina leseni. Leseni yake inaishia kwenye bikoni. Kama Mfuko wanataka ruhusa ya jiko langu, waniombe mimi, na mimi nimeshawapa."

"Bikoni ziko wapi?" niliuliza.

"Unauliza kama mgeni. Twende."

Tulikwenda sita, kwenye matope. Bikoni nne za zege zenye namba, zilizowekwa na wapimaji kuonesha mipaka ya leseni. Nilipiga picha kila moja na kusoma mahali ilipo kwa simu. Kisha nikapima kwa hatua. Nyumba ya utafiti iliyo karibu kuliko zote iko hatua mia sita na arobaini nje ya bikoni ya kaskazini. Hakuna hata jiko moja ndani ya leseni ya Marselino. Tangu Novemba nilikuwa nabishana na mtu kuhusu nyumba zisizo zake, na nilichokosa kufanya ni kutembea hadi mpakani. Mwandishi mwanafunzi ningemfukuza kwa kosa hilo.

Machi 19, Ushirombo

Nimetuma jibu: ramani, picha nne, umbali wa majiko yote kumi na manne, na saini kumi na nne mpya za leo asubuhi, moja ikiwa dole gumba. Maneno ya Vumilia nimeyaweka juu kama yalivyo. Mwisho nimeandika: "Barua mnayoitaka inatoka kwa mtu asiye na mamlaka juu ya eneo la utafiti. Hatutaileta. Kama bila hiyo ufadhili unafutwa, ufutwe kwa sababu hiyo, na sababu iandikwe."

Dk. Raphael aliomba aisome kabla. Nilitegemea aipoze. Alibadili mahali pamoja tu: palipoandikwa "sitaileta", yeye ndiye aliyeandika "hatutaileta". Akaweka jina lake chini ya langu.

Machi 20

Marselino kasikia. Amezuia wanawake wa Ihangalo kununua marudio.

Machi 22

Bado amezuia. Vumilia kauza mbuzi mmoja. Nilimuuliza kwa simu kama anataka kutoa jina lake kwenye andiko. "Uliza mara moja tu kwa mwaka," alisema, akakata.

Machi 24

Amefungua. Mvua ya siku nne imejaza bwawa lake la mchanga na hakuna mwanaume mwaloni anayekubali kuosha marudio. Wanawake walipokwenda, Justina alimwambia wamekuja kumsaidia kabla hajafurika. Hakuna aliyecheka mpaka walipofika njiani.

Machi 27

Siku ya kumi. Saa kumi na dakika ishirini alasiri Bi Hosiana kapiga mwenyewe.

"Nimeangalia bikoni zako kwenye ramani yetu," alisema. "Umekosea moja kwa mita nne."

"Ipi?"

"Ya mashariki. Haibadilishi kitu. Sharti limeondolewa, mkataba unakuja kesho." Kisha akaongeza, "Yule wa jiko la kwanza, mwambie fomu yetu tunaibadilisha. Itauliza eneo ni la nani kabla ya kuuliza barua."

"Mwambie mwenyewe. Namba yake iko ukurasa wa pili."

Alisema sawa. Sijui kama atampigia.

Machi 29, Ihangalo

Beji zimefika: thelathini, na tatu zimezibwa. Vumilia kagawa na orodha anayo yeye. Mimi nimekaa barazani kwa Justina. Marselino amenipigia saa nne nikiwa hapo.

"Nasikia mmepata fedha bila barua yangu."

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa nimeshaiandika, mama. Ina muhuri na kila kitu."

"Ikae tu."

"Majibu yakitoka je? Nitayaona lini?"

Niliwauliza waliokuwa karibu. Vumilia alikuwa mlangoni pa jiko lake, nyundo mkononi, msumari mdomoni. Aliutoa.

"Mwambie ya mwalo wake akapime mwenyewe," alisema. "Ya kwetu atayasikia mkutanoni, na watu wote."

Nikamwambia hivyohivyo, neno kwa neno. Vumilia akaingia, akafunga mlango. Nikasikia nyundo mara tatu. Nimeandika saa: nne na dakika kumi na mbili.